Kona Aliyomfundisha Binti Yake

Kichekesho cha Fundi Usukani ni kwamba hajawahi kumiliki gari, lakini nusu ya vijana wa mtaa walijifunzia kukata kona kwenye banda lake. Jina hilo alibandikwa enzi za mashine za kwanza za mchezo wa magari, zile zenye barabara ya mistari miwili myeupe na kigari cha mraba. Zikaja za rangi, zikaja za kukalia, halafu usukani unaotikisa mikono kama uko njiani kweli, na barabara zilizonakiliwa kutoka zile za kweli shimo kwa shimo. Amezeeka nazo, mgongo umepinda kwa kuingia chini ya viti.

Asubuhi hiyo binti yake, mwenye leseni ya siku nne, alikuwa anampeleka mama yake kwa shangazi. Walikuwa na gari la kuazima, na wangeshuka kwa njia ya mlimani.

"Usijali, baba. Si mimi ndiye bingwa wako?"

"Bingwa wa kiti," mama akadakia, wakaondoka wanacheka.

Fundi akarudi kwenye kazi yake ya kukaza kanyagio. Ili kuijaribu mashine, akafungua marudio ya rekodi ya binti, apate pia kujivunia kidogo. Roho ikamruka. Kwenye kona binti hakugusa breki. Aliliegemeza gari ukutani, ukuta ukaligeuza, akaendelea kwa kasi ileile. Kona ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo.

Ujanja huo aliujua mno. Alimfundisha mwenyewe, mtoto ana miaka sita, amempakata: "Usiogope ukuta, mwanangu. Ukuta ndio unaokugeuza." Kwenye mashine za zamani ndivyo walivyokuwa wakishinda. Kule mlimani, upande wa bonde, hakuna ukuta. Kuna mawe madogo yaliyopakwa chokaa.

Akapiga simu. Ilipoita mara ya pili akakumbuka kwamba binti hupokea simu akiwa mbioni, mkono mmoja kwenye usukani, wala hapunguzi mwendo. Amemwona kwenye kiti kile mara ngapi! Akakata upesi, akaiweka simu chini, akamwomba Mungu isilie.

Ikalia.

"Baba, ulinipigia?" Upepo ulikuwa unavuma nyuma ya sauti yake.

"Kanyaga breki, mwanangu! Breki!"

"Sikusikii vizuri. Ngoja kwanza niimalize hii kona."