Mstari wa Wino Chini ya 714

Cyril Scrimshaw hakupata kupiga mstari wa wino chini ya namba ya ndege ambayo hakuiona kwa macho yake mwenyewe. Sisi tunaosimama kwenye uzio wa uwanja wa ndege wa jeshi kila Jumapili kuandika namba za ndege zinazopita, na madaftari na darubini zetu, tuna sheria hiyo moja tu: ndege ukiisikia, penseli, ukiiona, wino. Wapo wanaodanganya. Kuna bwana mmoja wa mji wa Grimsby alitia wino ndege aliyoiona kwenye televisheni, na mpaka leo hapewi biskuti.

Wa kudumu tulikuwa watatu. Cyril alikuwa fundi wa matrekta, mjane, mwenye mikono isiyotakata hata siku ya Krismasi. Enid Tasker alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, na alisoma namba ya mkia kabla sisi hatujavua vifuniko vya darubini. Wa tatu ni mimi, Neville, karani wa halmashauri maisha yangu yote. Chai ya kwanza ikishateremka, soga lilikuwa lile lile: jeshi litakapouza ndege zake kuukuu, tutanunua moja sisi watatu.

"Mimi ndiye rubani," Enid alikuwa akisema.

"We bibie, gari lenyewe hujui kuendesha!"

"Kwenye mtihani nilifelishwa kurudi nyuma tu, Cyril. Ndege hairudi nyuma."

"Haya. Mimi fundi mkuu. Na huyu Neville?"

"Neville ni makaratasi. Serikali hii bila karatasi hata njiwa haruki."

Tulicheka, tukala mkate wetu wenye nyama ya nguruwe ya kukaanga, tukarudi nyumbani. Kwangu mimi ilikuwa burudani, kama watu wanavyopanga watakachofanya wakishinda bahati nasibu. Sikujua kwamba kwa Cyril ilikuwa kitu kingine. Ningejua kama ningetaka kujua. Alitoa trekta lake ghalani likanyeshewa, akapima sakafu kwa kamba ya urefu wa mabawa, akamwaga saruji mpya. Mimi nikaenda kuitazama ile saruji nikafanya mzaha.

Ndege aliyoitaka ilikuwa moja tu, ile 714, ndege ya mafunzo ya viti viwili. Aliihudumia akiwa kijana wa miaka ishirini jeshini. Nyuma ya gurudumu la kushoto ina kimlango kidogo cha fundi, na kwa ndani alikwangua jina lake kwa msumari.

"Nataka kuisikia tena ikiunguruma, mara moja tu," aliniambia siku moja Enid alipokuwa amekwenda msalani. "Mara moja, Neville. Masikio yangu yanakwisha."

Mwaka ule jeshi likatangaza kuuza ndege kumi, na 714 ilikuwamo. Kila mtu aandike bei yake, aitie kwenye bahasha, aifunge, aitume kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi; mwenye bei kubwa ndiye atakayeichukua. Tulikaa jikoni kwa Enid tukaandika pauni elfu tisa, watatu tukatia sahihi. Cyril aliibusu ile bahasha, akaacha alama ya grisi pembeni. Kisha akanikabidhi mimi, kwa kuwa makaratasi yalikuwa yangu.

Sikuituma.

Sina cha kujitetea. Jumatatu nilipita kwenye sanduku la posta nikasema kesho. Jumanne nikawaza bima, nikawaza mafuta, nikawaza nitamwambiaje mke wangu Beryl. Lakini kweli yenyewe ni kwamba niliogopa. Nilipenda ndoto kwa sababu haikunidai chochote, na sasa ilikuwa inakuja mlangoni na magurudumu yake. Ijumaa ilipopita nilijisikia nimepona homa. Bahasha nikaitia kwenye droo, chini ya risiti za umeme.

Baada ya wiki tatu nikawaambia uzioni kwamba tumeshindwa.

"Kwa kiasi gani?" Cyril akauliza.

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Pauni mia mbili," nikasema.

"Mia mbili? Mungu wangu! Si ningeuza mashine ya kukatia nyasi!"

Enid akamshika bega. Mimi nikainua darubini nikatazama mbingu tupu. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila nilipomkuta akikata nyasi zake, nilipita upande wa pili wa barabara.

Miaka miwili baadaye mapafu ya Cyril yakamwangusha. Alilazwa hospitali, na alasiri moja akanivuta kwa mkono wa koti.

"Neville, nenda ukaitafute 714. Kaione. Halafu uje unipigie mstari wako mbele yangu, nijue iko mikononi mwa nani."

Niliitafuta kwa bidii ambayo haikunijia zamani. Ilikuwa kwenye yadi ya vyuma chakavu, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka kwangu, imekatwa vipande vitatu. Mwenye yadi alinieleza bila kuficha: hakuna aliyeitaka, yeye aliipata kwa elfu nne. Elfu nne! Nilizunguka nyuma ya gurudumu la kushoto, nikafungua kimlango. C. SCRIMSHAW, herufi zimepinda, bado ziko pale. Nililia mbele ya yule bwana. Akanipa bisibisi nikibandue kile kimlango, akaondoka.

Kesho yake nilikaa kando ya kitanda cha Cyril na daftari langu, nikapiga mstari wa wino chini ya 714. Nilikuwa na haki nao. Niliiona kwa macho yangu.

"Imekaaje?" akauliza.

"Imekaa vizuri, mzee wangu. Tajiri mmoja wa kusini anayo. Ameijengea banda. Anaiwasha kila mwezi."

Alifumba macho akatabasamu, na pumzi yake ikatulia kidogo. "Basi vizuri hatukuipata," akasema. "Sisi tungeiua tu."

Ningeweza kusema pale pale. Hata mdomo niliufungua. Lakini nesi akaingia na chai, nikakipokea mimi kile kikombe, nikamnywesha.

Alikufa Alhamisi iliyofuata. Baada ya mazishi, tukiwa na sahani za mikate kwenye ukumbi wa kanisa, Enid alinipa madaftari yote ya Cyril.

"Alisema uyachukue wewe," akaniambia. "Alisema Neville haandiki uongo."

Siku nyingi sikuyagusa. Nilipoyafungua nilikwenda moja kwa moja kwenye 714. Miaka ile yote baada ya jeshi aliiacha na mstari wa penseli, kwa kuwa wino wake ulibaki kwenye daftari la ujana, na katika hili jipya alitaka kutia wino siku atakapoiona tena. Sasa juu ya ule wa penseli kulikuwa na mstari wa wino, umetetemeka, umepigwa na mtu asiyeweza kuketi. Pembeni ameandika: *Ameiona Neville. Inatosha.*

Kimlango kiko kwenye droo yangu, juu ya bahasha yenye alama ya grisi. Jumapili bado nakwenda uzioni. Enid hunimiminia chai, hunipa na biskuti, nami huzila.