Rafu ya Bibi Vifuniko

Bibi Vifuniko ana friji. Limesimama jikoni kwake, jeupe, refu kuliko yeye, na tangu lifike halijachomekwa kwenye umeme hata siku moja. Ndani kuna maharage makavu kwenye mifuko ya kitambaa, kunde, unga wa mahindi na vitunguu saumu vilivyosukwa mikia. "Ni kabati zuri sana," anasema. "Panya amelizunguka mwaka mzima anatafuta mlango, hajauona."

Friji hilo aliletewa na mwanawe wa kwanza, ambaye anafanya kazi katika ofisi ya bima mjini na ambaye, kwa maneno ya mama yake, anaogopa moto, mafuriko, wezi na yeye mama mwenyewe. Nia ilikuwa kumwachisha kazi ya kuchemsha chupa. Mama alishukuru, akalipangusa vumbi, akaendelea kuchemsha chupa.

Chupa hizo zinakaa kwenye rafu ya mbao ya tabaka tano, kutoka pembe ya ukuta hadi pembe, iliyotengenezwa na jirani yake, fundi seremala. Nyanya zina tabaka mbili. Kuna jemu ya mapera, achari ya embe, pilipili ndani ya siki, na malimau ya chumvi ambayo yanaweza kukaa miaka bila kuharibika. Kila chupa ina kipande cha utepe chenye maandishi ya kalamu nene. Hazina tarehe, zina habari. "Wiki ya jino." "Mbuzi wa jirani alipoingia." "Mkwe aliponuna." Mwenyewe akizisoma anajua mwezi na mwaka bila kukuna kichwa.

Jina lake la utani lina sababu. Chupa ya kioo hufanya kazi miaka ishirini, lakini kifuniko chake kina ukingo laini wa ndani ambao ukichemshwa mara mbili tatu huchoka na kuanza kupitisha hewa. Kwa hiyo mama huyu husaka vifuniko. Ameomba zahanati, ameomba shuleni, na kwenye harusi moja alionekana akizunguka meza kabla wageni hawajamaliza kula. Watoto wa mtaani ndio waliompachika jina hilo. Hakukasirika. Aliwauliza kama kwao kuna vifuniko.

Alianguka katika msimu wa nyanya, wiki ile ambayo huiva zote kwa pamoja kana kwamba zimeambizana. Alikuwa na miaka sitini na saba. Huzikata vipande, huzinyunyizia chumvi na kuzianika kwenye nyavu juu ya paa, kwa sababu bati hukausha kwa siku mbili kile ambacho uwanja hukausha kwa tano. Alipanda ngazi akiwa na beseni mkono mmoja. Ngazi ilitengenezwa na fundi seremala, na fundi hadi leo ana msimamo: "Ngazi yangu haina kosa. Kosa ni la beseni." Mfupa wa kiwiko cha mkono wa kulia ulivunjika, ukafungwa plasta.

Jumapili iliyofuata watoto wake wote wawili walikuja kufanya kikao sebuleni. Binti, kitinda mimba, ni muuguzi na alianza kitaalamu.

"Mama, mfupa wa umri wako haungi haraka kama wa mtoto."

"Umri wangu umeuona wapi, kwenye plasta?"

Kaka yake akaingilia. "Mama, chumba kipo. Kina dirisha kubwa. Kina feni."

"Kina rafu?"

"Mjini duka liko mlangoni. Ukitaka nyanya unanunua nyanya."

"Za mwezi gani?"

"Za mwezi wowote, Mama!"

"Ndiyo maana hazina ladha."

Walizunguka hivyo hadi chai ikapoa. Nyumba ingefungwa, bustani angepewa mtu wa kufuga kuku, na mama angelala chini ya feni. Hakuna aliyetumia neno kulazimisha, lakini mwana alikuwa ameshaongea na huyo mtu wa kuku. Mwishowe mama akaweka mkono wenye plasta mezani.

"Chakula hiki nilikiweka kiliwe hapa," alisema. "Siku rafu itakapokuwa tupu, nitapanda gari mwenyewe, bila kusukumwa. Lakini mpaka siku hiyo sheria za jikoni kwangu zibaki zilivyo."

Mwana alisimama akahesabu chupa: tisini na nne. Akazigawanya kwa mwanamke mmoja anayekula peke yake, akaongeza kidogo kwa usalama kama wafanyavyo watu wa bima, akapata miezi mitano au sita. Akaandika makubaliano kwenye karatasi, na sheria za jikoni akazitia kama kifungu cha mwisho bila kuuliza ni zipi. Fundi seremala aliitwa kupitia ua akaja kutia saini kama shahidi, penseli ikiwa bado sikioni.

Sheria zenyewe mwana alikua nazo. Kisicho na uchachu hakiingii chupani, kinakaushwa. Mdomo wa chupa hufutwa mara mbili kabla ya kufunikwa. Na chupa ya mwisho haifunguliwi mpaka ya kwanza ya msimu mpya iwe imefungwa. Hii ya tatu ndiyo aliyoivunja akiwa na miaka tisa, alipojifungia chooni na jemu ya mapera ya mwisho pamoja na kijiko. Marehemu baba yake hakumchapa. Nyumba nzima ilikula mkate mkavu hadi mapera yalipoiva tena. Ni ajabu kwamba mtu aliyepitia hayo aliweza kuandika kifungu kile na kusonga mbele.

Kuanzia hapo watoto wakaanza kumpenda mama yao kwa namna isiyowahi kuonekana. Walikuja kila Jumapili, na walikuja na njaa. Mwana alikula achari kama mboga. Binti aliondoka na makatoni.

"Wenzangu wodini wanaipenda sana jemu yako, Mama."

"Wodi nzima?"

"Na maabara."

Mama alisimama kwenye ua akamwambia fundi: "Jirani, nimevamiwa na nzige wenye simu."

Hakuwanyima hata chupa moja. Alijaza. Fundi alimtengenezea jiliwa dogo la mbao la kubana chupa ukingoni mwa meza, na ubao wenye msumari uliochomoza juu wa kushikilia tunda, ili mkono wa kushoto ubaki na kisu tu. Mapera yalikuwa yameiva. Siku za kwanza alikuwa akifunga chupa mbili kutwa nzima, huku akijitukana. Baada ya wiki tatu alifunga sita kabla ya chakula cha mchana. Walipokula kumi yeye alifunga kumi na moja, na siku plasta ilipokatwa rafu ilikuwa na chupa mia moja na tatu.

Mwana alipiga simu. "Mama, hii sasa unacheza rafu."

"Rafu ni yangu. Nichezee ya nani?"

Kisha mvua ikachelewa. Wiki ya kwanza hakuna aliyeshtuka. Wiki ya tano miche ya nyanya ilikuwa imekufa kwenye masanduku yake, mwembe ulikuwa umepukutisha maua yote, na maji ya tangi yalikuwa yameshuka chini ya bomba. Mapera yalikuwa yamekwisha kitambo. Hakukuwa na cha kujaza, na watoto hawakuacha kuja. Rafu ilianza kuonyesha ukuta. Mama alikula kwa haki, hakuficha chupa uvunguni, ingawa fundi alimshauri mara mbili kwamba uvungu wa kitanda haukutajwa kwenye karatasi.

"Nikificha nimeshindwa," alimjibu. "Sitaki kubaki hapa kama mwizi."

Zikabaki sita, zikabaki tatu, ikabaki moja: malimau ya chumvi yaliyoandikwa "Fundi alipoezeka bati."

Ijumaa binti alipiga simu kutoka kazini kwa sauti ya chini. "Mama, kaka anakuja kesho na pikapu. Mimi sijakwambia kitu."

"Hujaniambia nini?"

"Hivyo hivyo."

Jioni hiyo mama alizunguka bustani nzima. Alikuta kitu kimoja. Mpapai ulio nyuma ya choo, mrefu, wenye majani matatu yaliyosinyaa, ulikuwa na matunda mawili mabichi shingoni. Ndani, kwenye bakuli la vifuniko, vyote vilikuwa vimeshachemshwa hadi kuchoka isipokuwa kimoja.

Pikapu ilifika Jumamosi saa tatu asubuhi, ikiwa na kamba, maturubai na dereva mrefu mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeumbwa vizuri. Hebu chukua ule ufito mrefu pale uniangushie yale mapapai."

Dereva alidhani ni ya njiani. Aliyaangusha na kuyadaka, moja kwa mkono mmoja, akajisifu kidogo.

Mwana alikuwa ameingia jikoni moja kwa moja. Alikuwa na shati la ofisini, na alipoiona chupa ile pekee katikati ya mbao tupu aliinama akasoma utepe wake. "Mama, imebaki moja. Tuifungue tule pamoja, tufunge mizigo, tuondoke kabla ya jua kali."

"Nani humu ndani amewahi kufungua ya mwisho kabla ya kwanza haijafungwa?"

Wote wawili walijua nani.

"Kifungu cha mwisho," mama alisema. "Mwandiko ni wako."

"Mama, hakuna ya kwanza. Angalia nje. Hakuna kitu."

"Nina mapapai mawili na kifuniko kimoja. Kikibana, nimebaki. Kikikataa, fungua hayo malimau, nami nitakaa mbele kwa dereva. Nimeshafunga nguo zangu, begi liko kitandani. Nenda kaangalie."

Alienda kuangalia. Begi lilikuwepo, limefungwa zipu. Alirudi akavuta kigoda.

Mama alimenya mapapai, akayakata vijiti vyembamba, akayatia chumvi na kuyakamua. Alichemsha siki na sukari, manjano na mbegu za haradali mpaka macho ya dereva yakatoa machozi kule mlangoni. Alipofika pa kumimina, kiwiko kilichoungwa kilitetemeka, siki ikamwagika mezani. Akaishusha sufuria.

"Huu mkono haujarudi," alisema. "Mimina wewe."

"Mimi?"

"Yupo mwingine? Dereva nimemkodi mimi?"

Alimimina. Alijaza hadi kufikia shingo, akaacha nafasi ya kidole kimoja kama alivyofundishwa kabla hajajua kusoma. Akachukua kitambaa safi akafuta mdomo wa chupa mara moja. Kisha akasimama. Kwenye ukingo, upande wake, kulikuwa na ganda la haradali lililonata, dogo kuliko kichwa cha pini. Chini ya kifuniko lingetosha kupitisha hewa. Mama alikuwa amegeuka akichochea moto. Pikapu ilikuwa nje. Mtu wa kuku alikuwa ameahidiwa Jumatatu.

Alifuta mara ya pili. Ganda likatoka na kitambaa. Akaweka kifuniko, akakikaza kwa mkono wake wenye nguvu, akaizamisha chupa kwenye maji yanayochemka.

Dakika kumi baadaye aliitoa kwa koleo, akaiweka juu ya gunia lililokunjwa. Fundi seremala alikuwa amesogea dirishani, akisingizia kuazima nyundo. Kifuniko kilikuwa kimevimba katikati. Mama alikaa akaitazama mikono yake. Mvuke ulikatika kwenye kioo, kisha matone yakaanza kushuka.

Tak.

"Nini hicho?" dereva akauliza.

Mwana aliweka kidole katikati ya kifuniko. Kilikuwa kimezama. Alibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama anayetaka kukionea. Hakikucheza.

"Kimebana," alisema.

"Sijasikia," mama akasema. Alikuwa amesikia.

"Kimebana, Mama."

Fundi alishangilia dirishani akasahau nyundo. Mama aliinuka, akaandika kwenye utepe, akaubandika kwenye chupa: "Aliyefuta mara mbili." Mwana aliusoma, masikio yakamwiva. Kumbe jicho la mama la mgongoni bado linafanya kazi.

Baada ya hapo malimau yalifunguliwa, kwa sababu sasa sheria iliruhusu. Waliyala wanne na wali na maharage kutoka ndani ya friji. Fundi alijikaribisha mwenyewe. Mwana alimpigia simu mtu wa kuku akiwa bado anatafuna, akamwambia ajaribu kwingine.

"Na gari?" dereva akauliza. "Limeshakodiwa hadi jioni."

"Lisirudi tupu kabla halijafanya kazi," mama akasema. "Kule kwa mfugaji wa ng'ombe, baada ya kisima, kuna samadi kavu ananipa kila mwaka, sina wa kunibebea. Mvua itakuja tu, hata ikinuna. Nataka matuta yawe tayari."

"Mama, hili shati..."

"Vua."

Walienda mara mbili. Maturubai yaliyoletwa kufunika kitanda na meza yake yalifunika samadi, na kamba zikaifunga. Saa kumi jioni mtu wa bima alikuwa bustanini na fulana, koleo mkononi, akipaka matuta rangi ya kahawia kuanzia ua wa fundi hadi choo. Mama yake alisimama pembeni na fimbo ya kupimia.

"Hapo umeweka nyingi. Hiyo ni nyanya, baba, usiizike."

"Hakuna nyanya hapa, Mama. Ni vumbi."

"Ni nyanya," alisema, akapiga hatua hadi tuta la pili.