Sufuria tatu za Stellah, mpishi wa kamande Westlands

Saa sita mchana, sufuria tatu zinatokota katika kibanda cha mabati nyuma ya majengo marefu ya Westlands, naye Stellah Mwongeli hakai chini. Anaonja hapa, anakoroga pale, anachungulia simu. Saa sita na nusu atakuja Gerishon Mwaura, msimamizi wa chakula cha wafanyakazi katika ofisi za jirani. Akiridhika, Stellah atapikia watu themanini kila siku katika jikoni ya ofisi hizo. Kibanda kinabomolewa mwisho wa mwezi kupisha ujenzi, na Mwaura asiporidhika, hana pengine pa kuinjika sufuria.

"Leo ni leo," asema akicheka. "Asemaye kesho ni mwongo!"

Mama huyu wa watoto watatu, ambaye wateja humwita Mama Musili kwa jina la mwanawe, ana umri wa miaka 41, tisa kati yake akiwa kibandani hapa. Sahani ni shilingi 120, na siku njema huuza hamsini. Thubutu kumwambia eti ndengu na kamande, zile punje bapa, zote ni sawa.

"Zii! Kila moja na tabia yake," anasema. "Ndengu za kijani za kwetu Kitui unaloweka usiku, unachemsha, unamalizia na tui la nazi. Kamande ya kahawia hailowekwi, lakini nyanya ingoje mpaka kamande iive, la sivyo inabaki ngumu. Nyekundu nayo imetolewa maganda. Dakika ishirini tu, imeiva. Ukiilaza kwa maji usiku, umeiua."

Anafunua sufuria ya tatu, ambayo hajaifunua tangu afike, ili kuonyesha, na kicheko kinakatika. Ndani mna uji wa manjano wenye povu, unanuka magadi.

Wifi yake, Nzembi, aliyekuja kutoka Kitui wiki iliyopita kumsaidia, anainamisha kichwa. Jana aliloweka zile nyekundu kwa magadi, kama wanavyolainisha maharagwe makavu nyumbani, na leo akazibandika motoni alfajiri kabla Stellah hajafika.

"Pole dada. Nilidhani zote ni zile zile," anasema, machozi yakimlengalenga.

"Wacha kulia! Kimbia hapo dukani, leta nusu kilo. Enda!"

Kabla Nzembi hajarudi, Mwaura anaingia, dakika kumi kabla ya saa. Anaonja ndengu, anaonja kamande ya kahawia, anatikisa kichwa kukubali.

"Mama Musili, hizi ziko sawa kabisa. Ya tatu iko wapi?"

Wengi wangetafuta kisingizio. Stellah anamsogezea sufuria yenyewe.

"Imeharibika, Bwana Mwaura. Iliingia magadi, siwezi kukupea hii. Uko na dakika ishirini?"

Mwaura anatazama saa. "Niko na mkutano saa saba. Haya, pika nikiona."

Hapo sasa! Nzembi anafika akihema. Vitunguu vinaingia kwenye mafuta, kisha saumu, tangawizi na bizari. Kamande nyekundu, zilizooshwa mara tatu, zinafuata pamoja na maji ya moto. Wateja wameacha sahani zao na kusimama kama wanaotazama penalti. Dakika ya kumi na nane, Stellah anakamua ndimu na kunyunyiza dania.

Mwaura anakula kijiko cha kwanza, cha pili, halafu anavuta sahani yote.

"Na siku kitu ikiharibika na watu themanini wanangoja, utaniambia?"

"Nitakuambia kabla hujauliza."

"Basi anza Jumatatu. Jikoni yetu iko ile orofa ya chini."

Kibanda kizima kinalipuka kwa vigelegele. Stellah anaketi juu ya kreti ya soda na kulia bila haya, aproni usoni.

Anapotulia, mipango inamtoka kwa kasi: ndani ya mwaka akodishe jiko lake mwenyewe Kangemi, aajiri kina mama wanne. Kisha anamtafuta Nzembi kwa macho, na kumwona amejibanza nyuma ya pipa la maji.

"Wewe, toka huko! Kuanzia Jumatatu nyekundu ni zako. Hakuna mtu Nairobi hii anajua vile zinaharibika kukushinda."