Gesi ya Bwana Faki

Juzi nilimwona fundi hapa Langoni akikata bomba la friji mbovu uchochoroni. Niliposikia ule mlio wa gesi, hasira za utotoni zikanipanda.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, fundi jirani yetu, Bwana Faki, alikata bomba la friji mlangoni petu kabisa. Gesi ilifoka kama nyoka aliyekanyagwa, ikaacha harufu tamutamu na baridi iliyoniuma vidole.

Mama alitoka na ufagio mkononi. "Bwana Faki! Redioni wasema gesi hii yatoboa anga!"

"Tundu liko nti za barafu, Bi Amina, mwisho wa dunia. Hapa wewe waliona wapi?"

"Na wa huko si waja wa Mungu?"

Mimi nilidhani gesi, kwa vile ilikuwa baridi, ilikuwa ikirudi kwao, kwenye nchi za barafu. Sasa najua kwamba husambaa dunia nzima. Ila huko kwenye ncha za dunia, hasa ya kusini, baridi kali ya miezi ya giza hufanya mawingu ya barafu juu sana angani. Katika mawingu hayo sumu ya gesi huamka, na jua likirudi sumu hiyo huila ozoni, ngao yetu dhidi ya miale mikali ya jua.

Bwana Faki alijua tu kwamba tundu haliko juu ya kichwa chake. Alimcheka mama, akainama, akakata bomba la friji ya pili.