Nilivyomtetea Mbu Matangani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka akilini, na kila nikiikumbuka naona aibu upya.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa msichana wa maabara huko Kisian, nje kidogo ya Kisumu, kazi yangu kupasua mbu chini ya darubini na kuangalia kama wana vimelea vya malaria. Kichwa kilinivimba kwelikweli. Kanisani bado nilienda, lakini nilienda kama mtu anayemtembelea mjomba asiyejua kusoma.

Ndipo malaria ikamuua Omondi, mtoto wa dada yangu Akinyi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuniita mama mdogo. Nikapanda gari hadi kijijini kwa Akinyi, Pap Onditi. Kwetu, ukienda matangani unaingia ukilia kwa sauti tangu langoni. Mimi niliingia kimya, mkoba begani, nikiona kilio ni ushamba.

Akinyi alinishika mkono. "Mdogo wangu, wewe umesoma. Kwa nini Mungu aliumba kitu kibaya kama mbu?"

Nami nikamjibu, Mungu anisamehe! Nilimwambia mbu hana ubaya wowote. Anayeuma ni jike, na anatafuta damu ili mayai yake yakue. "Hata yeye ni mama tu," nikasema.

Akinyi aliniachia mkono.

Mama mkwe wake, bibi mzee wa kanisa, alinivuta nyuma ya jikoni. "Nyathina, mtoto wangu, hiyo yote umesema ni kweli," aliniambia bila ukali. "Lakini hii ni matanga, si shule. Yesu alijua atamfufua rafiki yake, na bado alilia kwanza. Wewe unajua nini kuliko yeye?"

Nilinuna. Jioni nikarudi Kisumu, mtoto hata hajazikwa.

Akinyi hakunigombeza. Alizidi kunikaribisha na kunipikia samaki, ila hakuniuliza tena swali lolote la moyoni. Miaka ya tisini naye akafariki. Namkumbuka sana, mwanangu! Natamani aniulize tena, nimwambie sijui, kisha tulie wote wawili. Nimezeeka nikiipenda darubini na nikilipenda kanisa, na jibu la kumtosha mama aliyefiwa bado sijalipata.

Basi soma, mwanangu, soma mpaka uchoke. Ujue mbu anaishi vipi ili watoto wasife, na anayekwambia kujua hivyo ni dhambi usimsikilize. Lakini mtu aliyeumia akikuuliza kwa nini mabaya yapo, usimtetee mbu, wala usikimbilie kumtetea Mungu, maana Mungu hajaomba wakili. Keti naye. Mshike mkono, na ulie ukiweza. Mimi nadhani tuliletwa duniani kwa kazi hiyo kabla ya nyingine zote.

Mungu akubariki, akuongezee akili, na akuachie ndugu wa kukuuliza maswali magumu mpaka uzeeni.