Kitambaa Juu ya Seva

Nilipokuwa kidato cha tatu niliishi Mbinga kwa baba mdogo, maana nyumbani Liuli ni mbali na shule. Alikuwa na studio ya picha. Siku hizo kila mtu alikuwa anafungua biashara yake, naye aliachana na kamera ya mkanda, akanunua ya dijitali na seva iliyokwishatumika, kompyuta ya kutunzia picha, akaiweka chumba cha nyuma. Harusi, ubatizo, Komunyo ya Kwanza, zote zilikuwa humo. Nakala mahali pengine hakuna.

Jumamosi moja fundi alitoka Songea kuja kuweka toleo jipya la programu inayotunza diski. Mimi nilisikilizia mlangoni, kwa sababu mbele ya wageni sauti yangu hukwama.

"Bosi, diski mbili zinaandika kitu kilekile," fundi alisema. "Moja ikifa, picha ziko kwa mwenzake. Hilo lilikuwepo. Jipya ni kwamba sasa programu inapima joto, na diski ikiharibika inapiga kelele. Tena inaanza yenyewe kunakili kwenye ile ya tatu, ya akiba."

"Kwa hiyo sasa inasema."

"Inasema kuliko mama mkwe."

Walicheka, fundi akaenda kula. Nikaingia kufagia, nikakuta kitambaa changu kimetupwa kitini. Nilikifuma mwenyewe, maua ya njano. Kwetu redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata jokofu. Kitu cha umeme kikikaa uchi, wageni wanaona nyumba haina mwanamke. Seva nayo niliivika tangu Pasaka. Nikakirudisha, nikakinyoosha mpaka kikafunika matundu ya hewa ya nyuma.

Haikupita nusu saa ikaanza kulia. Baba mdogo akaja mbio, akasoma kwenye skrini: diski ya kwanza imekufa, picha zinanakiliwa kwenye ya akiba, asilimia tatu. Akampigia simu fundi, akaambiwa isizimwe na vumbi lisiingie.

"Kaa hapa uiangalie," akaniambia. "Mtu asiingie."

Akafunga dirisha, akafunga mlango kwa kufuli la nje, akarudi kwa wateja.

Nikabaki na ile kelele. Kwenye skrini, joto la diski ya pili, iliyobaki peke yake na picha zote, lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu. Nikagusa seva. Ilikuwa kama pasi. Hapo ndipo nilipoelewa, nikakitoa kitambaa nikakikalia. Nyekundu haikuondoka. Ilihitajika feni, na feni ilikuwa mbele, walikokaa akina mama watano na mwalimu wangu wa hisabati wakisubiri picha za pasipoti. Niliinua mkono kugonga mara tatu, mara tatu nikaushusha. Kusema kweli, nilikuwa natafuta uongo wa kusema.

Asilimia arobaini na moja nikamsikia baba mdogo nje ya mlango, anaongea na mwalimu.

"Huyu fundi kaniharibia mashine na programu yake. Miezi yote haijawahi kulia. Naizima swichi kubwa."

"Baba, usizime," nikasema. Hakusikia. Nikagonga kwa ngumi zote mbili. "Baba, usizime, ni mimi. Niliifunika. Imepata joto, inataka feni."

Kufuli likafunguka. Watu wote wakanitazama, machozi yananitoka, nami nikasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akajibu, akaangalia pembeni.

"Tangu lini?" baba mdogo aliuliza.

"Pasaka."

Akaleta feni, akaielekeza nyuma ya seva, akanifungia tena. Nilikaa humo mpaka asilimia mia, nafungua picha moja moja: watoto wa Komunyo, mishumaa mkononi. Zilifunguka zote.

Fundi aliporudi alisema ile diski ilikuwa imechoka, labda ingekufa hata bila mimi. Baba mdogo hakunisemesha mpaka Jumanne, alipotaka chai.