Salfa Tuliyoisingizia

Kila msimu wa kupulizia mikorosho, Ruangwa nzima hujikuna. Unga wa salfa hauna adabu, unaingia machoni, shingoni, hata kwenye sufuria ya ugali. Kwa hiyo mimba yangu ya pili ilipofika miezi minane nikaanza kuwashwa viganja na nyayo, hakuna aliyeshangaa. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kimya, amekwisha kufa. Huyu nilimtaka mpaka nikawa mkali kwa watu.

"Salfa hiyo, mwanangu," alisema mama mkwe. "Usiende shamba. Kaa ndani, oga, itatoka."

Siku tisa sikuvuka kizingiti. Madirisha aliyaziba kwa kanga ili vumbi lisinifikie. Nilijikuna kwa gunzi la muhindi mpaka damu ikatoka. Nyumba ilinibana, lakini ngozi yangu ilinibana zaidi, maana nyumba angalau ina mlango. Niliwachukia wote walioweza kulala.

Siku ya kliniki nilikwenda na mama mkwe. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, aligeuza mikono yangu.

"Upele uko wapi?"

Haukuwepo. Zilikuwepo alama za kucha tu. Akachukua damu, na majibu yaliporudi akavuta kiti karibu.

"Siyo salfa, mama. Ni nyongo."

Alieleza taratibu. Ini linatengeneza nyongo ya kusaga mafuta, na lina vipokezi vinavyoonja asidi za nyongo hiyo. Zikizidi, vipokezi vinaliambia ini lipunguze kutengeneza na lizisukume nje. Kwa baadhi ya wajawazito, homoni huvizubaisha. Asidi zinarudi kwenye damu, ngozi inawasha, na zikipanda sana moyo wa mtoto unaweza kusimama tumboni ghafla.

"Hatusubiri uchungu. Unalazwa hospitali ya Nachingwea leo." Kisha akauliza, "Mimba ya kwanza uliwashwa?"

Niliwashwa. Hata safari ile tulisema salfa, nikakaa ndani. Mama mkwe aliinamisha kichwa.

Walinianzishia uchungu kesho yake. Akazaliwa msichana, mdogo, mwenye sauti kubwa.

Tuliporudi nyumbani, kanga zilikuwa zimeondolewa madirishani. Mama mkwe alimpokea mtoto, akasimama naye mlangoni.

"Nilikufungia ndani na kifo, mwanangu," alisema. "Mara mbili."

Mtoto alianza kulia, mama mkwe akataka kumbembeleza, nikamwomba amwache alie kidogo, nimsikie.